Sura ya Tisa: Namba za Asubuhi

Tik. Halafu mngurumo.

Friji la jikoni lilikuwa limewaka tena. Lorena Apodaca alikuwa amelala chali gizani, macho wazi, akihesabu: hiyo ilikuwa mara ya nne tangu saa tisa. Siku za kawaida friji lile lilinguruma kidogo, likazima, likapumzika kiasi cha kumwacha mtu apitiwe na usingizi. Alfajiri hii halikupumzika. Upepo wa jangwani ulikuwa umeshuka kutoka milimani tangu juzi, mkavu, wa moto, na nyumba nzima ilikuwa na joto kama pasi iliyosahaulika kwenye umeme.

"Hata wewe hulali," aliliambia friji.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alipotoka kituo cha polisi jana jioni.

Saa kumi na nusu aliinuka, akachemsha kahawa. Birika lake lilikuwa la vikombe vinne. Alikunywa kimoja, vitatu akavimwaga kwenye sinki kama afanyavyo kila siku, akakaa mezani na kutandaza karatasi mbili chini ya taa.

Karatasi ya kwanza aliiandika mwenyewe wiki iliyopita, nyumbani kwa mama mmoja wa Mtaa wa Truslow. Ilikuwa na namba tatu: 5,820, 6,070 na 6,310. Ya pili ilikuwa ripoti ya fundi wa magita, Orville Tackett, iliyopigwa taipu jana saa kumi na moja jioni. Nayo ilikuwa na namba tatu: 6,360, 6,630 na 6,890. Chini yake Tackett alikuwa ameandika mstari mmoja na kuupigia mstari: *Silo gita lile.*

Kesi nzima ilikuwa imening'inia kwenye mstari huo.

Siku kumi na moja zilizopita, mpiga gita wa harusi aitwaye Nestor Quihuis aliondoka mji wa Needles baada ya sherehe, akiwa ndani ya gari la Wade Pruett, dereva wa bendi. Hakufika nyumbani Fullerton. Pruett aliapa kwamba alimshusha kituo cha mabasi cha Barstow akiwa mzima, gita mkononi. Kisha Jumamosi likaonekana gita kwenye duka la rehani huko San Bernardino, shingo imebadilishwa, kibati cha namba kimeng'olewa, na mwenye duka akamnyooshea Pruett kidole bila kusita. Pruett alicheka. Hilo ni gita langu, alisema, nililinunua kwa baharia San Diego.

Kama gita lilikuwa la Nestor, basi Pruett ni mwongo, na mwongo huyo anajua Nestor alipo. Kama si la Nestor, Pruett ni mtu aliyeuza mali yake. Saa sita mchana wa leo ilibidi ashtakiwe au aachiwe, na akiachiwa angetoweka kabla jua halijazama.

Vilivyobaki ndani ya gita bila kuguswa ni vinasa sauti vitatu vilivyo chini ya nyuzi. Kila kinasa kina koili ya waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, uliosukwa mizunguko elfu nane hivi. Mita ya umeme hukwambia waya huo unaupinga umeme kwa omu ngapi. Koili zilizosukwa kwa mkono hazifanani namba, kama vile watoto wa tumbo moja wasivyofanana sauti. Namba za Nestor zilijulikana. Namba za Tackett hazikuwa hizo.

Lorena alichukua penseli. Alitoa namba ya kwanza kutoka kwa ya nne, akagawanya. Kwa kila mia, tisa na kitu kidogo. Akafanya ya pili. Tisa na kitu kidogo. Ya tatu vilevile.

Aliweka penseli chini. Kama zingekuwa koili nyingine, zingepishana ovyo: moja juu, moja chini, moja mbali kabisa. Hizi zilikuwa zimepanda pamoja, kwa hatua moja, kama askari kwenye gwaride.

Kwa nini, hakujua. Ila alimjua wa kumuuliza.

* * *

Eulalia Quihuis alifungua mlango kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mfupi, nywele zimefungwa kwa utepe mweusi, vidole vya mkono wa kulia vimepinda kidogo kana kwamba bado vimeshika kitu chembamba.

"Umempata?"

"Bado, mama."

"Basi ingia ule. Mtu hawezi kusimama mlangoni na habari mbovu, zitajaza ukumbi."

Jikoni kulikuwa na harufu ya kahawa ya mdalasini na maharage. Mezani kulikuwa na sahani tatu. Mbili zilikuwa zinatumika. Ya tatu ilikuwa imefunikwa kitambaa safi, na Lorena, ambaye alikwisha fika hapo mara nne, aliifahamu: ni ya Nestor, na kila asubuhi kitambaa kilikuwa kingine.

Mjukuu, Noemí, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa anakula tortilla kwa upande mmoja tu wa mdomo, shingo kaipinda kama kuku.

"Habari, Shangazi Polisi."

"Nzuri. Shingo imekuwaje?"

"Siyo shingo, ni jino." Alilisukuma kwa ulimi, na jino la mbele likalala kifudifudi kisha likasimama. "Linacheza."

"Linaning'inia kwa imani tu," alisema Eulalia. "Nimemwambia nilitoe kwa uzi, dakika moja. Hataki. Wiki nzima anakula kama bibi kizee, na bibi kizee halisi anatafuna mifupa."

"Baba alisema atalitoa yeye," Noemí alisema. "Alisema nisiruhusu mtu."

Eulalia aliongeza kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa.

Lorena aliuendea mlango wa kabati la vyombo. Ulikuwa na mistari ya penseli, urefu wa Noemí mwaka hadi mwaka, na chini kabisa, chini ya mstari wa kwanza, zile namba tatu kwa mwandiko wa wima. Januari, 1972. Eulalia alikuwa amesuka koili kwenye kiwanda cha magita kwa miaka ishirini na miwili, na wiki aliyozaliwa mjukuu wake alisuka tatu za mwisho kwa ajili ya gita la mwanawe, akastaafu.

"Mama, fundi wetu amepima. Namba hazilingani." Akaweka ripoti mezani. "Amesema silo."

Eulalia alivaa miwani. Alisoma namba zile kwa kidole, polepole. Lorena alisubiri alie, au abishe. Mama yule hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinua kichwa akauliza:

"Alipima saa ngapi?"

"Saa ngapi?"

"Ndiyo, mwanangu. Asubuhi au mchana?"

"Jana saa kumi alasiri. Gita lilitoka San Bernardino kwenye buti la gari, likapelekwa dukani kwake moja kwa moja."

"Jana! Na joto lile!" Eulalia alivua miwani akapiga paja. "Huyo fundi wenu amesomea wapi, kwa kinyozi?"

Noemí alicheka, akashika jino lake.

"Nisikilize," alisema Eulalia. "Shaba ina tabia ya watu. Ikiwa na baridi inapitisha. Ikipata joto inakuwa kaidi, inaupinga umeme zaidi. Waya ule ule, mizunguko ile ile, mchana unakupa namba nyingine. Ndiyo maana kiwandani hatukupima koili mchana hata siku moja. Ukimaliza kusuka, koili inalala rafuni. Asubuhi unakuja, unavaa sweta, unatazama kipimajoto pale mlangoni. Kikisoma digrii sitini na nne za Farenhaiti, ndipo unapima. Kiangazi tulikuja saa kumi na moja alfajiri kuiwahi hiyo sitini na nne. Hiyo ndiyo tuliita namba ya asubuhi. Nyingine zote ni porojo."

"Kila mtu alijua hivyo?"

"Kila mwanamke. Wanaume walijifunza kwa aibu. Kuna mwaka alikuja msimamizi mpya, kijana, kalamu tatu mfukoni. Akapima mchana wa Agosti, akaona namba ziko juu, akatupa pipani koili mia nne nzima. Akatuambia tumelala kazini. Hatukusema neno. Kesho yake alfajiri tukazitoa pipani tukampimia mbele ya bosi, moja moja, mpaka masikio yakawa mekundu kama pilipili." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alitazama ile sahani iliyofunikwa. "Wenzangu wengi wamekufa. Nilikuwa nazungumza na Nestor habari hizi. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza."

Lorena aliandika: *64.* Akaandika tena: *Agosti, pipa.*

"Kuna alama nyingine yoyote, mama? Ambayo hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Chini ya kila koili kuna kipande cha utepe, nimeandika jina langu. Sote tuliandika. Ndiyo sahihi pekee tuliyowahi kuombwa."

"Umemwambia nani habari ya utepe?"

"Nimwambie nani? Nimekaa na huyu na jino lake."

Lorena alinyanyuka. Kahawa alikuwa ameimaliza yote, vikombe viwili, bila kugundua.

* * *

Orville Tackett aliletwa kituoni saa mbili kasorobo, hajanyoa, mkoba wa vifaa mkononi na hasira usoni.

"Sajenti, mimi nilikuwa nafungua magita kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Namba ni namba."

"Ndiyo maana nataka uzione tena, Bwana Tackett. Ulipima dukani kwako kukiwa na joto kiasi gani?"

"Sikutazama. Kama motoni."

"Gazeti linasema mia na sita."

"Basi mia na sita. Kwani nilikuwa napima homa?"

Lorena alisaini kitabu cha vielelezo, akalitoa gita kwenye mfuko wake. Tackett alifungua skrubu, akanyanyua kile kibao cheupe chenye vinasa vitatu. Lorena akainama na tochi. Chini ya kila koili palikuwa na eneo dogo la pembe nne, safi, lisilo na vumbi, na gundi kavu ya rangi ya asali. Kitu kilikuwa kimebanduliwa hapo, na si zamani.

"Hii uliiona jana?"

"Niliona gundi. Magita yana gundi kila mahali."

"Iandike."

Tackett aliiandika. Lorena akaviringisha kibao kizima ndani ya mfuko wa plastiki ili unyevu usiingie, akaacha nyaya sita zitoke nje, akachomeka kipimajoto katikati, akafunika yote kwa taulo. Kisha akafungua friji la kituo, akasogeza sandwichi za watu, na kuuweka ushahidi kati ya maziwa na chupa ya achari.

Kapteni Lindqvist, mkuu wa kituo, alipita na kikombe.

"Apodaca, hicho ni nini?"

"Kesi ya Quihuis, Kapteni."

"Ndani ya friji?"

"Ilikuwa imepata joto sana."

Kapteni alitazama saa ya ukutani. "Sita kamili namfungulia Pruett. Uipashe au uigandishe, shauri yako." Akachukua maziwa akaenda zake.

Saa nne kasorobo walikitoa kile kibao. Kipimajoto kilisoma arobaini. Lorena aliweka kitu kile mezani, ndani ya taulo lake, akamwita karani Bi Hazel Overby aje na saa na daftari awe shahidi. Tackett aliunganisha mita.

"Soma," alisema Lorena.

"Elfu tano mia tano na kumi." Tackett alikunja uso, akahamisha nyaya. "Elfu tano mia saba na hamsini. Elfu tano mia tisa sabini na tano." Akagonga mita kwa kucha. "Zimeshuka. Sasa ziko chini ya zile namba za mama yako."

"Si mama yangu. Na bado tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

"Sitini na nne."

Alimweleza. Tackett alisikiliza mikono imekunjwa. Alijua kwamba shaba hubadilika na joto, alisema, nani asiyejua, hata vitabuni imo. Ila hakuna anayejali dukani. Mtu analeta gita, unapima, unamwambia liko salama.

"Hapa kuna mtu anayejali," alisema Lorena. "Soma."

Chumba kilikuwa na joto, feni inapuliza upepo wa moto kutoka kona hadi kona. Taulo lilizuia joto lisiingie kwa haraka. Kila kipimajoto kilipopanda digrii nne, Tackett alisoma namba tatu, na Bi Hazel akaziandika. Arobaini na nane. Hamsini na mbili. Namba zilipanda taratibu, kidogo kidogo, zote tatu, kama watu watatu wanaopanda ngazi moja bila kupitana.

Kwenye sitini, Tackett alikuwa ameacha kukunja mikono.

Kwenye sitini na tatu alivuta kiti akakaa.

"Sitini na nne," alisema Bi Hazel.

"Elfu tano mia nane ishirini." Akahamisha. "Elfu sita na sabini." Akahamisha tena, akainamia mita mpaka pua ikakaribia kioo. "Elfu sita mia tatu na kumi."

Lorena alifunua karatasi ya Mtaa wa Truslow aliyokuwa ameilaza kifudifudi tangu asubuhi, akaisukuma mbele yake.

Tackett aliisoma. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Yeye ndiye aliyezisuka?"

"Ndiye."

"Mwambie..." Alikohoa. "Mwambie ni kazi safi. Na hiyo ripoti ya jana nirudishie niichane."

"Haichanwi, Bwana Tackett. Utaandika ya pili, na utaeleza kwa nini ya kwanza ilikosea. Ya kwanza pia ni ushahidi."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

* * *

Wade Pruett alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye plasta ndogo juu ya nyusi aliyodai kaipata kwenye mlango wa gari. Aliketi chumba cha mahojiano kwa raha, miguu mbele.

"Sajenti! Umekuja kuniaga?"

"Nina maswali matatu. Wakili wako?"

"Sihitaji wakili. Nahitaji chakula cha mchana."

"Lile gita ulinunua lini?"

"Mwaka jana. Kwa baharia."

"Umewahi kulifungua ndani?"

"Kulifungua? Mimi ni dereva. Napiga redio tu."

Lorena aliandika jibu lote, bila haraka. "Mama yake Nestor anasema ndani ya gita la mwanawe kuna alama."

"Basi mmeshapata jibu," Pruett alisema, akatandaza mikono. "Langu halina alama. Hakuna jina la mwanamke yeyote mle ndani."

Kalamu ya Lorena ilisimama.

Feni ilizunguka mara moja, ikarudi.

"Nimesema alama," Lorena alisema kwa upole. "Jina umelitoa wapi?"

"Umesema jina."

"Bi Hazel?"

Bi Hazel, pale kona, alisoma kwenye hati-mkato yake kwa sauti isiyo na chumvi: "'Mama yake Nestor anasema ndani ya gita la mwanawe kuna alama.'"

Pruett alivuta miguu chini ya kiti.

"Ulibandua tepe tatu," Lorena alisema. "Zilikuwa na jina la Eulalia. Ukabadilisha shingo, ukang'oa kibati. Koili ukaziacha, kwa sababu kwako waya ni waya. Nimezipima. Zote tatu ni zake." Alisogeza daftari la Bi Hazel mbele yake, ukurasa ukiwa wazi. "Kwa hiyo hukumwacha Barstow na gita mkononi. Sikuulizi habari ya gita tena, Wade. Gita nimelipata. Nakuuliza yuko wapi."

Pruett aliutazama mlango.

"Ana binti wa miaka sita. Kila asubuhi wanamwekea sahani."

"Usinifanyie hivyo."

"Kila asubuhi. Nimeiona mara tano."

Pruett alifunika plasta yake kwa kiganja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Nilikuwa nimekunywa. Yeye alisinzia. Gari likaacha barabara, likapiga mwamba upande wake." Alipumua. "Mahakama ilishanionya. Kosa moja zaidi nafungwa. Nikaona anapumua. Damu mdomoni, lakini anapumua. Nikamvusha mto wa mpakani hadi jimbo la Arizona, mji wa Kingman. Kuna hospitali. Nikamlaza mlangoni pa dharura nikapiga honi mpaka nikaona mtu anakuja. Nikaondoka."

"Pochi yake?"

"Niliitupa mtoni."

"Jina lake?"

"Sikumwambia mtu."

Lorena alisimama. Alikuwa amezipigia simu hospitali zote kutoka Needles hadi pwani, thelathini na moja, moja baada ya nyingine, lakini hata moja haikuwa ya ng'ambo ya mto.

"Alikuwa anapumua, Sajenti," alisema Pruett. "Sikumwacha hivi hivi. Nilipiga honi."

"Bi Hazel, andika na hilo," alisema Lorena, akatoka.

* * *

Muuguzi wa Kingman alikuwa na sauti ya kuchoka, lakini alipoulizwa hakulazimika kutafuta faili.

"Yupo. Kitanda cha dirishani. Taya limevunjika mara mbili, wamelifunga, hasemi. Mkono wa kulia uko kwenye plasta, haandiki. Kwa siku nyingi hakujielewa. Sasa anajielewa, ila hatuna jina la kumwita. Hakuna aliyewahi kuja."

"Mkono wa kushoto, tafadhali. Ncha za vidole zikoje?"

"Ngumu kama kwato," alisema muuguzi mara moja. "Na haukai kimya. Mchana kutwa anagonga gonga blanketi. Tulidhani ni degedege."

Lorena alimwomba asogeze simu karibu na kitanda, asubiri nusu saa. Kisha akaendesha gari hadi Mtaa wa Truslow, upepo ukipeperusha makuti makavu ya minazi ya mapambo barabarani, na safari hii hakugonga mlango.

Alimweleza Eulalia kwa sentensi chache, akiwa amesimama. Eulalia hakupiga kelele. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili na kubaki hivyo, mgongo umegeuka, mpaka pumzi zikamrudia.

"Anapumua?"

"Anapumua, anasikia. Hawezi kusema, mama. Lakini anasikia."

Simu ya jikoni ilikuwa ukutani, kando ya kabati. Lorena alizungusha namba, akazungumza na muuguzi, akampa Eulalia mkono wa simu.

"Nestor," Eulalia alisema. "Mwanangu. Ni mama."

Hakuna sauti. Umbali ulivuma kwenye waya, kama upepo ndani ya chupa. Kisha, kutoka ng'ambo, kukasikika kugonga: kucha ngumu kwenye plastiki, mara tatu, kituo, mara mbili, mara tatu. Eulalia alifumba macho. Vidole vyake vilivyopinda vilianza kugonga mlango wa kabati kwa mapigo yale yale, juu ya mistari ya penseli.

"Ndiye," alisema. "Ni yeye, anaanza wimbo kama kawaida yake, ameharakisha." Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, akayaacha. "Njoo, mjukuu wangu. Njoo uongee na baba. Hatakujibu, wala usiogope."

Noemí alipanda juu ya kiti. Alishika simu kwa mikono miwili, akaibana sikioni, akasikiliza ule ugongaji wa vidole kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, ulimi ukiligusa lile jino kuhakikisha. Lorena alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Kitambaa kilikuwa bado juu ya sahani.

Mtoto akavuta pumzi, akasema kwa sauti:

"Baba, jino bado lipo."